Kompyuta Iliyosingiziwa Uvivu

Leo nataka nikusimulie habari ya namba moja tu, namba 1596, ambayo nusura imharibie mtu jina lake katika mji wetu huu wa mpakani. Uisome mpaka mwisho, maana namba za namna hii zaweza kukufikia hata wewe, uwe Vwawa, Mlowo, Ileje au popote penye duka la kompyuta zilizokwisha kutumika.

Parokia yetu ilinunua kompyuta ya ofisi. Fedha zilichangwa na jumuiya, wengine kwa shilingi, wengine kwa debe la mahindi, na wengine kwa kahawa iliyouzwa baadaye. Basi fahamu kwamba kila mtu aliihesabu kompyuta ile kuwa ni yake. Muuzaji alituambia kwamba prosesa yake, yaani kile kipande kidogo kifanyacho hesabu zote, ni Intel Core i5-2400, ya mwendo wa gigahezi 3.1. Tukalipa, tukaibeba, nami karani nikakabidhiwa kazi ya kuingiza humo daftari za zamani za ubatizo na ndoa.

Siku ya tatu akaja kijana mmoja wa kwaya, msomi wa mambo haya. Akaweka programu iitwayo CPU-Z, ambayo hutolewa na kampuni ya CPUID ya Ufaransa, nayo kazi yake ni kuonyesha prosesa ni ya aina gani, inakwenda kasi gani, na inakula volti ngapi. Akatazama, akaguna.

“Mwalimu, njoo uone mwenyewe,” akaniambia. “Tumeuziwa 3100, na hapa panasema 1596. Ni nusu!”

Mweka hazina wetu, mzee asiyependa hasara, alikuwa amekaa pale pale akihesabu risiti. Akavua miwani. “Kwa hiyo tumeibiwa nusu ya fedha za watu,” akasema. “Mwalimu, andika barua. Jumapili itangazwe kwamba duka lile lisikanyagwe na mtu yeyote.”

Nikasema, “Mzee wangu, naomba siku mbili kwanza.” Hakupendezwa, lakini akanipa. Barua nikaiandika, nikaiweka katika mtoto wa meza, nisiipeleke kokote. Kisha nikaanza kujifunza namba ile imetoka wapi.

MAPIGO NA KIZIDISHO

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, kama waimbaji wafuatavyo ngoma. Pigo moja, hatua moja. Megahezi moja ni mapigo milioni moja kwa sekunde moja, na gigahezi moja ni mapigo milioni elfu moja.

Lakini mapigo hayo mengi hayazaliwi yote mahali pamoja. Katika ubao mkuu wa kompyuta yamo mapigo ya msingi, ambayo katika kompyuta za aina ya yetu ni kama megahezi 100. Prosesa huyapokea, kisha ndani yake huyazidisha kwa namba fulani. Namba hiyo nitaiita kizidisho. Mapigo ya msingi 100 mara kizidisho 31, hapo umepata 3100, ndiyo ile gigahezi 3.1 iliyoandikwa.

Kama waona shida kuelewa, fikiri baiskeli ya gia. Miguu yako yaweza kukanyaga kwa mwendo ule ule usiobadilika, bali gurudumu la nyuma likaenda polepole au kwa haraka kwa kadiri ya gia uliyoiweka. Mapigo ya msingi ni miguu, kizidisho ni gia.

Desturi hii si ya leo. Mwaka 1992 Intel walitoa prosesa ya 486DX2, iliyopokea mapigo ya megahezi 25 au 33 kutoka nje na kuyafanya kuwa 50 au 66 kwa ndani. Hapo kizidisho kilikuwa 2 tu, wala hakikubadilika. Baadaye, Januari 2000, wakatoa prosesa za kompyuta za kubebwa zenye uwezo wa kushusha mwendo wake ili zisimalize betri upesi. Uwezo huo wakauita SpeedStep, nao ukaenea hata katika kompyuta za mezani.

Na hapa ndipo penye fumbo letu. Prosesa ya i5-2400 haikai kwenye gia moja. Isipokuwa na kazi, hushuka mpaka kizidisho 16. Ipewapo kazi, hupanda 31, na kama haijapata joto sana yaweza kupita hapo mpaka 34. Sasa chukua mapigo ya msingi kama programu ilivyoyapima kwetu, megahezi 99.77, uyazidishe mara 16. Utapata 1596. Kijana wetu alikuwa ameitazama kompyuta wakati imekaa bure, haina la kufanya ila kuonyesha dirisha lile moja. Akamkuta mfanyakazi amepumzika kivulini, akasema huyu ni mvivu.

Nikamwita aje. Nikaanza kazi nzito ya kufunganya picha za kurasa zote za daftari la ubatizo katika faili moja. Palepale kizidisho kikaruka kutoka 16 mpaka 32, na mwendo ukasomeka 3192. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe jibu lilikuwa pale pale.” Naam, lilikuwa pale pale. Pembeni ya kizidisho programu ilikuwa imeandika tangu mwanzo mpaka wake wa chini na wa juu, 16 mpaka 34, na juu kabisa jina la prosesa lenye mwendo wake, 3.10. Jina hilo haliandikwi na muuzaji. Programu huiuliza prosesa yenyewe kwa amri maalumu, nayo hujibu kwa jina ililopewa kiwandani.

PROGRAMU INASOMA WAPI?

Utauliza, “Mwalimu, programu yajuaje haya yote, wala haina macho?” Nami karani nakujibu kwa lugha ya ofisi yangu: prosesa ina rejista zake. Ndani yake mna vijisanduku vidogo vya namba, na kila kimoja kina anwani yake. Kimoja huandikwa kizidisho cha sasa. Kingine huandikwa kizidisho cha kawaida kilichowekwa kiwandani. Kingine huandikwa habari za joto. Katika prosesa za Intel, rejista za namna hii zilianza kusomwa kwa amri ya pekee tangu Pentium ya mwaka 1993.

Tena si kila programu yaruhusiwa kuzifungua, kama vile si kila mtu huruhusiwa kufungua kabati la daftari za ofisi. Amri ya kuzisoma hukubaliwa tu kwa sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta. Kwa hiyo programu za upimaji huja na msaidizi aitwaye draiva, naye ndiye mwenye ufunguo. Na kwa kuwa amebeba ufunguo, jihadhari. Mwaka 2023 matapeli walitumia matangazo ya uongo kusambaza nakala za CPU-Z zilizotiwa wizi ndani yake. Programu kama hii ichukuliwe kwa mwenyewe aliyeitengeneza, isichukuliwe kwenye simu ya rafiki wala kwenye tangazo.

Na mapigo ya msingi je? Hayo hayakuandikwa popote, hupimwa. Prosesa ina kihesabu ambacho katika aina hii huongezeka kwa mwendo wa kizidisho cha kawaida, 31, hata prosesa ikishuka gia. Programu hutazama kihesabu hicho, husubiri muda mfupi kwa kufuata saa nyingine iliyomo katika ubao, kisha hutazama tena. Ikipata ongezeko la 3,092,870,000 kwa sekunde moja, hugawanya kwa 31, na jibu ni megahezi 99.77. Mapigo ya msingi mara kizidisho cha sasa, huo ndio mwendo unaoandikwa.

Kwa hiyo shika hili: namba ya mwendo ni hesabu ya wakati fulani. Programu husoma labda mara moja kwa sekunde, na katikati ya sekunde hiyo prosesa yaweza kubadili gia mara nyingi. Programu nyingine hutumia vihesabu viwili, kimoja chenda kwa mwendo usiobadilika na kingine kwa mwendo halisi, zikalinganisha hivyo viwili, zikapata wastani wa muda mzima. Huo ni ushahidi ulio bora kuliko kuchungulia mara moja.

VOLTI ILIYOOMBWA NA VOLTI ILIYOFIKA

Sasa tuje kwenye volti. Kwa nini prosesa ishushe volti pamoja na mwendo? Kwa sababu umeme unaotumika katika kazi ya mapigo hufuata mwendo, tena hufuata volti mara volti. Tuseme prosesa ikiwa kazini yatumia volti 1.20 kwa kizidisho 32, na ikipumzika volti 0.95 kwa kizidisho 16. Mwendo umekuwa nusu. Volti mara volti imeshuka kutoka 1.44 mpaka karibu 0.90. Ukizidisha yote mawili, matumizi hayo ya umeme yamebaki chini kidogo ya theluthi moja. Kwetu sisi tununuao umeme kwa tokeni, hilo si jambo dogo. Basi kushuka kule tulikokuita wizi kulikuwa kunatuokolea fedha.

Lakini angalia sana, msomaji, volti zipo za namna mbili, na watu wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni volti iliyoombwa. Prosesa huuambia ubao mkuu, “Nipe kiasi hiki.” Katika aina hii ya prosesa ombi hilo husomwa katika rejista, na huandikwa kwa vipande ambavyo 8192 ni volti moja. Programu ikikuta 9830, hugawanya kwa 8192, hupata volti 1.20.

Ya pili ni volti iliyofika. Hii haitoki katika prosesa. Hupimwa na kipande kingine kilichobandikwa kwenye ubao, ambacho pia huangalia mwendo wa feni. Katika vingi vya zamani, kipande hiki hupima kwa hatua 256 tu, kila hatua volti 0.016. Kikitoa 75, hesabu yake ni 1.20. Kikitoa 74, ni 1.18. Katikati ya hapo hakioni kitu.

Hizo mbili si lazima zilingane. Kazi ikiwa nzito, volti iliyofika hushuka kidogo chini ya iliyoombwa, na ubao mwingi umetengenezwa hivyo kwa makusudi. Ni kama barua ya kuomba mifuko kumi ya saruji na hati ya kupokea mifuko tisa na nusu. Karatasi zote mbili ni za kweli, ila moja ni ya kuomba na moja ni ya kupokea. Asiyejua ameshika ipi atagombana na mtu bure.

NAMBA NYINGINE ILIYOTUTISHA

Tulipodhani mambo yamekwisha, kijana akafungua programu nyingine ya upimaji. Hiyo ikaandika kwamba njia ya umeme wa volti 12 ina volti 8.42. Mweka hazina akaniangalia kwa jicho la kusema, “Nilikuambia.”

Tunduma ni mji wa kwacha na shilingi, basi nitakueleza kwa mfano wa mpakani. Kile kipande kipimacho hakiwezi kupokea volti 12, maana mwisho wake ni kama volti 4. Kwa hiyo mtengenezaji wa ubao huweka vizuizi viwili vya umeme vinavyoipunguza, labda mpaka robo, na 12 ikafika kwa kipande kama 3. Programu yapaswa kuirudisha kwa kuizidisha mara 4. Bali vizuizi hivyo hutofautiana ubao kwa ubao. Programu isiyoujua ubao wako hukisia, kama mgeni abadilishaye fedha kwa bei ya juma lililopita. Ikizidisha volti 3.008 mara 2.8 badala ya mara 4, huandika 8.42. Fedha mkononi ni zile zile, ila bei ya kubadili ndiyo mbaya. Ndiyo maana watumiao lm-sensors, programu ya upimaji katika Linux, hutakiwa kuiandikia hesabu za ubao wao wenyewe.

Nikamwazima fundi wa redio kipimo chake cha umeme, tukapima kwenye waya wa njano kwa uangalifu. Volti 12.1. Tena akili peke yake ingetosha kutuambia, maana kama umeme ungalikuwa 8.42 kweli, kompyuta isingalifanya kazi hata dakika moja.

VUMBI LA MALORI

Hata hivyo sitaki kukudanganya kwamba kompyuta haikuwa na kasoro yoyote. Siku ya pili niliiacha na ile kazi nzito kwa muda mrefu, nikakaa mbele ya programu kama mlinzi. Baada ya kama nusu saa kizidisho kikaanza kushuka, 32, kisha 28, kisha 16, na kazi ilikuwa bado ingalipo. Nikatazama joto. Rejista ya joto haihesabu kutoka chini kwenda juu, bali huandika digrii ngapi zimebaki kabla ya mpaka wa hatari, kisha programu hupiga hesabu. Zilikuwa hazikubaki hata moja.

Hapo namba ile ile ya 1596 ilikuwa na maana nyingine kabisa. Mara ya kwanza ilisema, “Nimepumzika.” Mara hii ilisema, “Naungua, nimejishusha nisife.”

Tukafungua kifuniko. Wewe ukaaye Tunduma wajua malori yanayopanga foleni kwenda Nakonde, na vumbi lake wakati wa kiangazi. Feni ilikuwa imevaa blanketi, na girisi ya kupitishia joto kati ya prosesa na chuma chake cha kupoozea ilikuwa imekauka kama ugali wa jana. Tukasafisha kwa brashi laini, tukaweka girisi mpya kidogo, tukafunga. Tangu hapo kizidisho kikabaki 32 mpaka kazi ilipokwisha.

Je, muuzaji alipaswa kusafisha kabla ya kuuza? Naam, na tulimwambia hivyo. Lakini kutosafisha si kuiba nusu ya mali ya watu, na barua yangu haikusema habari za vumbi. Ilisema habari za wizi.

Wizi wa namna ile si jambo lisilojulikana duniani. Miaka ya 1990 walikuwapo watu waliofuta alama za prosesa dhaifu na kuandika mwendo mkubwa, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya Intel kuvifunga vizidisho visiongezwe ovyo. Kwa hiyo sisemi kwamba ununuapo usikague. Kagua! Lakini kagua namna hii: soma jina ambalo prosesa yenyewe inajitaja, soma mpaka wa chini na wa juu wa kizidisho, ipe kazi nzito, uone kinapanda mpaka wapi na kinakaa hapo muda gani, tazama joto. Na volti za ubao ukiziona za ajabu, zipimwe kwa kipimo cha mkono na mtu aijuaye kazi hiyo kabla hujamtaja mtu.

Nilimrudia mweka hazina, nikatoa barua katika mtoto wa meza nikampa. Akaisoma tena, akaichana vipande viwili, akaniambia, “Mwalimu, twende tukamwone huyo bwana.”

Tukaenda wote watatu. Maana ingawa barua haikusomwa, maneno yalikwisha kututangulia: kijana alikuwa amewaambia wenzake wa kwaya, na wenzake wakawaambia wengine sokoni. Yule bwana alitukaribisha, akatupa viti. Mzee akamweleza yote bila kuficha. Muuzaji akanyamaza, kisha akasema, “Wazee wangu, nashukuru kwa kuja. Nilikuwa nashangaa kwa nini watu wawili walionipa ahadi juma hili hawakurudi.”

Hakukuwa na la kujibu. Mmoja wa wateja wale tulimfahamu, tukaenda kwake siku ile ile tukamweleza. Wa pili mpaka leo hatujamjua ni nani. Kama ndiwe, ndugu msomaji, nawe u mji huu wa Tunduma, basi ujue kwamba kompyuta ile ilikuwa ya kweli, na habari ulizosikia zilitoka kwetu.

Mpaka juma lijalo, kwaheri.